Nilikwenda Doha Kutetea Sentensi Moja kuhusu Kioo

Sababu ya safari ilikuwa sentensi moja. Niliiandika katika makala ya gazeti la Jumapili, makala iliyohusu vyombo vya mezani, na ilisema hivi: "Bila shaka Wachina wa kale hawakujishughulisha na kioo, kwa kuwa walikuwa na kauri na jiwe la jade." Niliipenda. Ilikuwa na mwendo mzuri. Wiki moja baadaye nikapokea ujumbe kutoka kwa mpwa wangu Nekesa, mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa mlinzi katika jumba dogo la maonyesho huko Doha: "Anko, hiyo si kweli. Hivyo vioo vyao navilinda masaa kumi na mawili kila siku."

Mtu mwenye busara angemjibu asante. Mimi nilikata tiketi. Nilimwambia dada yangu kwamba nakwenda kumjulia hali mtoto, naye akanipa kilo mbili za unga wa wimbi nimpelekee, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na uzito wa kutosha.

Nairobi, Jumatano asubuhi. Kwenye ndege nilikaa kati ya vijana wawili waliokuwa wanakwenda kuanza kazi ya hoteli. Mmoja aliniuliza nimepata kazi gani. Nilipomwambia nakwenda kutazama shanga za Kichina, alinipa pole na kuniachia kiti cha dirishani.

Doha, alasiri. Wakati huo treni za chini ya ardhi zilikuwa bado mashimo na uzio wa mabati, na kila barabara ilikuwa imepindishwa ili kuyakwepa. Wageni hawakuruhusiwa katika nyumba ya walinzi, hivyo Nekesa alikuwa ameniombea chumba mtaa wa Abu Hamour kwa Okello, dereva wa Uganda anayesali naye. Okello aliupokea unga kwa mikono miwili na mimi kwa mmoja.

"Karibu, Profesa."

"Mimi si profesa."

"Nekesa alisema wewe umesoma mpaka ukaanza kubishana na maiti. Huyo kwetu ni profesa."

Ni Okello aliyenieleza jambo ambalo mpwa wangu hakuwa ameniambia. Mkuu wa maonyesho, mama wa Kisudani aitwaye Bi Salma, alikuwa anatafuta mtu wa kuwatembeza wageni. Alikuwa amemsikia Nekesa akiwaeleza wafagiaji habari za vioo, akavutiwa. Jumamosi angemjaribu mbele ya kundi la wageni. Akifaulu, angeacha kusimama. Akishindwa, angerudi pale pale kwenye kona yake, na nafasi angepewa mtu mwenye cheti.

"Miguu yake inavimba," Okello alisema, kana kwamba anasoma hali ya hewa. "Jioni anavua viatu kwenye gari langu, haviingii tena."

Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumba lilikuwa baridi na lenye mwanga hafifu. Nekesa alikuwa amesimama kwenye kona ya chumba cha pili, suti nyeusi, mikono nyuma. Sikuwa nimemwona kwa miaka mitatu. Nilimkaribia nikitabasamu.

"Habari ya kazi, mama?"

"Tafadhali usiegemee kabati, bwana," alijibu kwa Kiingereza, akitazama juu ya bega langu.

Mlinzi aliye zamuni hazungumzi na mgeni ila kumwonya, na sheria haikuwa imewatoa wajomba. Basi nikajitembeza peke yangu. Kulikuwa na shanga zenye duara ndani ya duara, kama macho mengi kwenye kichwa kimoja. Kulikuwa na nyenje mdogo aliyechongwa, ambaye aliwekwa katika kinywa cha maiti. Na katika kabati la katikati kulikuwa na kisahani bapa cha kijani kilichofifia, chenye tundu katikati na vijipele vilivyopangwa kwa mistari, kilichozikwa pamoja na mtu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kibao kilisema: kioo, China.

Nilikitazama kwa muda mrefu. Hakikung'aa kama kioo, wala sikuweza kuona ng'ambo yake. Nikaamua kwamba kibao kimekosea. Niliandika katika daftari langu: "Jade. Kosa la wazi." Nilipiga mstari chini ya neno wazi.

Ijumaa, Mesaimeer. Huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na baada ya ibada uwanja wa makanisa ulijaa Kiswahili cha kila aina. Hapo Nekesa aliruhusiwa kuwa mpwa wangu. Alinikumbatia, akaniuliza habari za mama yake, kisha akanivuta kando.

"Anko, kesho Bi Salma anataka mgeni mmoja aniulize swali. Nimemwambia ni wewe. Uliza vile macho ya shanga yalitengenezwa. Hiyo naijua hata nikiwa nimelala."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Tafadhali usinichomee mbele ya Bi Salma."

Nilimwahidi. Nataka iandikwe kwamba niliahidi nikiwa timamu, baada ya kunywa chai.

Jumamosi, saa tano. Tulikuwa wageni wanane, na Bi Salma nyuma akiwa na kalamu. Nekesa alianza kwa sauti ndogo, ikakua. Alisema urembo wa macho katika shanga ulisafiri kutoka nchi za magharibi, lakini mafundi wa China waliutengeneza upya kwa malighafi zao wenyewe, na ndani yake kuna madini ya risasi na bariamu, mchanganyiko ambao vioo vya magharibi havikuwa nao. Kwa hiyo ugeni ulikuwa wa sura, mwili ulikuwa wa nyumbani. Alilisema vizuri kuliko nilivyoliandika hapa.

Tukafika kwenye kisahani. "Kuna swali?" aliuliza, akinitazama.

Nilijua swali langu. Lakini daftari lilikuwa mkononi, na wote walikuwa wananitazama, na mimi nimefundisha kwa miaka ishirini. "Hiki si kioo," nilisema. "Hiki ni jade. Kibao kimekosea."

Kalamu ya Bi Salma ilisimama.

Nekesa hakusema kitu. Kwetu binti hambishii mjomba wake mbele ya watu, hata mjomba akisema jua ni la bluu. Atangoja wabaki wawili, au atampitishia mama yake. Nilikijua kimya kile. Ndicho nilichokitegemea bila kukiri moyoni. Pale pale niliona viatu vyake, visigino vimekanyagwa.

Kisha akaacha Kiingereza. "Anko, naomba ruhusa."

Sijawahi kutoa ruhusa iliyonigharimu zaidi. "Endelea, mama."

Akarudi kwa Kiingereza. "Asubuhi wafagiaji huwasha taa zote. Nimesimama hapa miaka miwili, kwa hiyo nimeona kile mgeni haoni. Bwana, naomba uchuchumae hapa upande wa kushoto, utazame ukingo." Akamwomba mwenzake aongeze taa.

Nilichuchumaa. Magoti yangu yalitoa taarifa kwa chumba kizima. Ndani ya ule ukijani, karibu na tundu, kulikuwa na vitone vidogo vya mviringo.

"Unaona nini, bwana?" aliuliza Bi Salma.

"Mapovu," nilisema.

"Jiwe halina mapovu," alisema Nekesa. "Hii ni hewa ya siku kilipoyeyushwa. Fundi alitaka kifanane na jade, na ile bariamu ndiyo inayokifanya kiwe na ukungu. Kilikuwa cha watu ambao hawakuweza kumzika mzazi na jade, lakini hawakutaka aende mikono mitupu."

Wageni wote walichuchumaa kwa zamu. Mimi nilibaki chini, kwanza kwa adabu, halafu kwa sababu sikuweza kuinuka.

Jumapili, njia ya uwanja wa ndege. Nekesa alikaa mbele, pembeni ya Okello, viatu mkononi. Bi Salma alikuwa amemwita Jumamosi ile ile. "Alisema mwenye cheti angesoma kibao tu," Nekesa alieleza. "Ameshaiandikia kampuni ya ulinzi barua waniachilie. Nikiachiliwa, naanza." Kisha, bila kugeuka: "Ulikuwa umeniahidi, Anko."

"Nilikuahidi."

"Profesa," alisema Okello, "ukikata tiketi tena, leta unga tu."

Nairobi, wiki tano baadaye. Kampuni ilimwachilia. Nasikia kundi likifika kwenye kisahani, huwaambia kuwa msomi mmoja alisimama hapo akasema ni jade, kisha huwachuchumaza. Jina langu halitaji. Ni heshima iliyobaki.

Nilichojifunza ni kidogo: nilikitazama kile kisahani kwa dakika ishirini nikafikia uamuzi, naye alikitazama kwa miaka miwili akafikia mapovu. Niliandika masahihisho ya gazeti na, kabla ya kumpelekea mhariri, nikamtumia Nekesa. Sentensi mpya ilikuwa: "Bila shaka Wachina wa kale walitengeneza kioo, na kwa ustadi wao wenyewe."

Aliirudisha jioni hiyo. Hakuwa ameongeza kitu. Alikuwa amekata "bila shaka".