Mvua ya Uongo kwenye Daftari la Besse Rannu

Saa moja kamili asubuhi, Besse Rannu anachutama uani kwake mbele ya kipima mvua, jicho likiwa usawa wa maji. Anaandika daftarini: milimita moja. Mashine ya kuvunia inanguruma kwenye majaruba na majirani wanamwita kwa makelele, lakini hainuki mpaka amwage maji na kukifuta chombo.

"Mpunga utanisubiri," anasema. "Saa moja hainisubiri."

Besse, 46, analima nusu hekta katika kijiji cha Padang Salo, Sulawesi Kusini. Miaka sita iliyopita afisa ugani aligawa vipima mvua vitano kijijini. Vinne viliishia jikoni, vikatiwa sukari na pilipili. Chake tu ndicho kilichobaki kazini.

Kwa kazi hiyo hakulipwa hata rupia moja. Alilipwa kejeli. Jirani yake Palloge, mfuga bata, hakupita bila neno: "Vipi mdogo wangu, mawingu yamekutumia barua leo?"

Asubuhi moja ya kiangazi Palloge alivuka mpaka. Alimimina maji ndani ya kipima mvua kabla Besse hajaamka, akajibanza nyuma ya banda lake la bata apate kucheka. Besse akapima, akatazama ardhi iliyokauka, akaona unyoya wa bata unaelea. Akaandika alichoandika, akarudi jikoni.

Kejeli angeweza kuzimeza. Kilichomkosesha usingizi ni shamba. Misimu miwili mfululizo kijiji kizima kilipanda kwa mvua za mwanzo wa Desemba, mvua ikakatika, miche ikakauka. Msimu wa pili alivuna magunia kumi na moja tu, akauza bangili yake ya mwisho ya arusi anunue mbegu.

Mumewe, Tahang, alikuwa ameshakwenda kuvuna chikichi ng'ambo, Sabah. Akamtumia nauli ya meli. "Msimu huu nao ukifa, kodisha shamba uje," alimwambia kwa simu. Besse alikubali, na anakiri kwamba alilia.

Wakati huo daftari lilikuwa na asubuhi zaidi ya elfu mbili, nazo zilisema jambo moja: mvua ya Desemba ni tapeli. Inanyesha siku nne, inatoweka wiki tatu. Ya kweli huja Januari. Lakini ofisi ya wilaya ilitoa mbegu na mbolea ya ruzuku kwa waliopanda kabla ya Desemba kumi pekee. Kwa hiyo watu walikimbilia kupanda huku wakijua hasara inawangoja.

Padang Salo hupanga siku ya kupanda kwa kuketi pamoja mikekani: wakulima, msomaji wa kalenda ya kale ya kabila lao la Wabugi, na maofisa wa wilaya. Wanawake huleta kahawa na keki za ndizi, kisha huondoka. Mwaka huo Besse alitua sinia, akaketi.

"Dada, kahawa imekwisha huku," mtu akamwambia.

"Na mimi nina la kusema huku," akajibu.

Aliomba mambo mawili: kupanda kusogezwe hadi Januari, na mbegu zitolewe kwa tarehe ya kijiji, si ya ofisi. Ofisa wa wilaya akalipekua daftari. "Mama, yeyote anaweza kuandika namba. Nitajuaje kuwa ni za kweli?"

Besse akamwonyesha tarehe, moja moja.

Hapo Palloge akasimama. "Mwaka juzi, siku moja baada ya arusi ya binti yangu, nilitia maji kwenye hicho chombo. Tarehe nne Septemba. Tazama kama aliandika mvua."

Ofisa akafunua, akasoma kwa sauti: "'Milimita ishirini. Si mvua. Ni Palloge.'"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Mimi na ujanja wangu wote nimeshindwa kumdanganya," alisema Palloge, uso umemwiva. "Hiyo mvua ya Desemba itamweza?"

Wilaya ikakubali kujaribu msimu mmoja. Desemba mvua ikanyesha, vijiji jirani vikapanda, Padang Salo wakakunja mikono, wakangoja. Siku ya tano mvua ikakatika. Padang Salo wao walipanda Januari, na miche ikasimama.

Besse amevuna magunia hamsini na nane. Mwezi huu wilaya imeandika kanuni mpya: kijiji chenye kipima mvua na daftari kitapewa mbegu kwa tarehe kitakayojipangia. Wanawake wanne wamekwisha kumwaga sukari na pilipili. Palloge ameomba kipima mvua chake mwenyewe.

"Nitampa," anasema Besse. "Lakini nitakuwa nakikagua."

Jioni, mbele ya mwandishi, anampigia mumewe simu. Nauli ya meli bado imo katikati ya daftari.

"Nakurudishia nauli yako," anamwambia. "Mimi sipandi meli."

"Kwa hiyo?"

"Panda wewe. Rudi tupande mpunga."

Sauti ya Tahang inatoka upande wa pili, imebadilika. "Tunapanda tarehe ngapi?"

"Nitakwambia," anajibu Besse, akijifuta macho kwa upindo wa kitambaa. "Ngoja kwanza nipime."