Kichwa Kilichovuka Likoni

Saa tisa na robo alasiri, Jumamosi moja miezi michache kabla ya uhuru, askari wa kivuko alilisimamisha gunia letu.

Lilikuwa begani kwa rafiki yangu, seremala niliyepanga naye nyumba moja Changamwe. Sisi ni Wamakonde. Tulivuka Ruvuma kukimbia kazi za kulazimishwa za Wareno, na kurudi hatukuweza. Juu ya gunia palionekana mkaa. Chini yake, ndani ya kitambaa, mlikuwa na kinyago cha kuvaa kichwani, cha kwanza kuchongwa nasi tangu tutoke kwetu. Vijana wetu walikuwa wakitolewa jandoni siku hiyo, huko Shika Adabu, na bila kinyago wasingehesabiwa kuwa wametoka.

Kwetu mwanamke haambiwi kwamba kile ni mti. Huambiwa ni mfu aliyefufuka. Akikiona mikononi mwa mtu, kinyago kimeharibika, nacho hutiwa moto. Rafiki yangu alikichonga kichakani nyuma ya Mikindani, jirani na Changamwe, msimu mzima wa mvua, akabandika nywele zake mwenyewe kwa nta. Kosa letu ni kwamba tulifuatana na wanawake, tukidhani watu wanaokwenda shereheni hawasumbuliwi. Walikuwa nyuma yetu tu, mkewe akiwatangulia.

"Mzee, muna nini humu?"

"Mkaa."

Askari akalibonyeza gunia. "Mkaa wenye pua? Hebu fungua."

Rafiki yangu alilitua, asilifungue.

Ndipo nikamsikia mkewe akisema kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, tazameni meli ile inavyoingia."

Niligeuka. Wanawake wote walikuwa wametugeuzia migongo, wakiangalia mlango wa bandari. Hapakuwa na meli.

Askari akalifungua gunia mwenyewe. Alipokiona kichwa chenye nywele alirudi nyuma kidogo.

"Na huyu keshakata tikiti?"

Watu wakacheka, naye akatupungia tupite.

Ndani ya feri rafiki yangu alininong'oneza, "Wanajua."

"Tangu lini?"

"Usiniulize. Wala mke wangu usimuulize."

Jioni kinyago kilipotokea uwanjani, wanawake walikimbia wakipiga mayowe, na mkewe ndiye aliyekimbia mbali zaidi. Fedha tulizoweka za gogo jingine la kuchonga, endapo kinyago kingechomwa, hazikuguswa: shilingi kumi na mbili.