Kofia ya Pili ya Mama

Ile siku naiona mpaka leo, mwanangu: Mama anarudi kutoka kwa fundi wa nguo, ameficha kofia ya ofisa ndani ya kitenge.

Mimi na Kyungu tulikuwa mapasa, watoto wawili wa mimba moja. Wazee wetu walishika sana kwamba mapasa wanapewa sawasawa, ukimnyima mmoja ataugua. Huyu shati, yule shati. Halafu jeshi la maji likaja kuchagua vijana hapa Kalemie, na daktari akasema sikio langu moja bovu. Wakamchukua Kyungu peke yake, wakampeleka Ulaya kujifunza sumarini, ile meli inayotembea chini ya maji na watu ndani. Mimi nikabaki kubeba magunia bandarini. Wivu ulinikaba, we! Mtu akitaja jina lake tu, nasukuma sahani ya bukari, ugali wetu, natoka nje.

Alirudi likizo kwa gari moshi la kutoka Kabalo, amevaa nguo nyeupe za cheo, na mtaa mzima ukaja kumtazama. Mama akaogopa nitaugua. Ndipo akanishoneshea kwa fundi kofia kama ya Kyungu, na nyuzi za dhahabu, akanivalisha mbele ya wageni. Watu walicheka mpaka machozi. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilimchukia Kyungu kuliko siku zote.

Yeye hakucheka. Alivua kofia yake, akakaa karibu yangu.

"Kabange, kule chini hakuna jua, hakuna dirisha," akasema polepole. "Kila siku nilikuwa ninakuonea wivu, weye unayekula na Mama. Hii yangu nimepewa na serikali. Hiyo yako Mama amekushoneshea. Tubadilishane."

Nikaishika yangu kwa mikono miwili. Nikakataa.

Mpaka leo Kyungu akija kwangu anaitupia jicho ile kofia yangu niliyoitundika ukutani, na mimi, Mungu anisamehe, nafurahi.

Sasa wewe umenuna tangu mdogo wako aende kusoma Kinshasa. Sikukatazi wivu, mwanangu, hata mimi haujaniisha wote. Ila kabla hujamchukia, muulize ni kitu gani chako angekichukua kama ungemruhusu. Ukiona huwezi kumpa, basi na chake mwachie. Mungu akupe mikono ya kushika kilicho chako, na mdogo wako amrudishe salama, mpate kula tena sahani moja.