Nani Anakunywa Petroli Yetu?

Asubuhi nimejaza tenki mpaka pampu imejizima yenyewe. Saa tisa alasiri mshale umeshafika robo tatu.

Na sijaenda Dodoma, jamani. Nimetoka Chang'ombe, nimeenda Boko, nimerudi. Basi.

Nikagonga dashibodi kwa kidole, nikidhani mshale umekwama. Haujakwama. Petroli imeondoka.

Imeondokaje? Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Mie naitwa Gervas. Kwetu Ndanda, ila Dar nina miaka kumi na moja, na tisa kati ya hiyo nimeshika usukani wa Noah ya mzee Taiyeb. Mzee ana ghala la rangi za nyumba pale Chang'ombe. Mie napeleka rangi na thina ya kuyeyushia rangi kwenye maduka na karakana, kuanzia Temeke mpaka Boko huko.

Magari yote yako chini ya binti yake, Kubra. Huyo dada na hesabu usimchezee. Ana daftari, anaandika kilomita na lita, kila siku.

Jumatatu akaniita.

"Gervas, gari hili lilikuwa linakwenda kilomita kumi kwa lita. Sasa linakwenda saba. Hizo tatu zimepotelea wapi?"

"Sijui, dada."

"Hujui? Anayeendesha wewe, anayejaza wewe, anayepaki wewe."

Mzee Taiyeb alikuwa amekaa palepale, fimbo katikati ya magoti. Hakusema neno. Na hicho ndicho kilichoniuma. Kubra angenitukana ningevumilia. Mzee kunyamaza nilishindwa kuvumilia.

Kesho yake nikakuta kifuniko cha tenki kina kufuli. Ufunguo kwa Kubra. Nikienda kujaza, anapanda na mie, anafungua yeye, anafunga yeye.

Vijana wa kupakia wakanipa jina: Mrija. Yaani mrija wa kunyonyea mafuta.

"Mrija, leo umeshiba?"

Nilikuwa nacheka nao. Nikifika nyumbani silali.

Wiki ikaisha, kufuli lipo, ufunguo kwa Kubra. Akapiga hesabu.

Saba. Vilevile saba.

Nikamwambia, "Dada Kubra, tenki ulilifunga mwenyewe. Hapo nimeiba na nini?"

Akafunga daftari.

"Basi shida ni petroli yenyewe," akasema. "Hiyo sheli yako ya Manzese. Haina hata jina la maana."

Kwa kweli mie nilishukuru. Nilikuwa mtu anayezama, nikatupiwa ubao. Nikaushika bila kuuliza umetoka wapi.

Ofisi ilikuwa na makubaliano na sheli moja ndogo ya Manzese. Unafika, unajaziwa tenki full, unasaini kitabu, unaondoka. Na kwa miezi mingi aliyekuwa ananijazia ni dada mmoja, Filomena. Mtu wa Nachingwea, jirani kabisa na kwetu. Tulikuwa tunataniana pale kila mara.

Siku hiyo sikutania.

"Mnachanganya mafuta ya taa humu!" nikaanza, hata gari sijazima.

Filomena akaweka mpira wa pampu chini. "Kaka Gervas, shikamoo haipo, habari haipo?"

"Mnachakachua! Gari langu linamaliza tenki kama lina njaa!"

"Hebu tulia. Lete ndoo tupime lita, uone kama pampu inadanganya. Na petroli hii inatoka bandarini, palepale wanapochukua hao wenye majina makubwa. Wengine wanaongeza dawa zao kidogo, sawa. Lakini kutoka kumi mpaka saba? Hapana. Umeangalia gari?"

Umeangalia gari.

Alinipa jibu bure, mchana kweupe, na mie nikalitemea mate.

Nikatoa simu. Nikarekodi. Nikaonyesha pampu, nikaonyesha bango, nikamwonyesha na yeye usoni. "Madereva wenzangu, kimbieni sheli hii! Huyu dada mnayemuona anawauzia mafuta ya taa!"

Alijifunika uso kwa kofia ya kazi. Hakukimbia, alijifunika tu.

Nikairusha kwenye kundi la madereva. Mpaka jioni naletewa video yangu mwenyewe na watu nisiowajua, wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, hadi wa Morogoro.

Siku ya tatu nikasikia Filomena amefukuzwa kazi. Mwenye sheli aliona jina linachafuka, akamtoa yeye ili watu waone amechukua hatua.

Nilijisikiaje? Nisiwadanganye. Nilijisikia nimeshinda.

Kubra akatuhamishia kwenye sheli kubwa ya barabara ya Mandela. Ina taa, ina duka, ina wahudumu wamechomekea mashati. Huko hatukuwa na makubaliano, kwa hiyo nilikuwa napewa pesa za lita ishirini na tano tu, kama nusu tenki, kila mafuta yanapokaribia kuisha.

Na mnajua nini? Gari likarudi kumi.

Kumi! Kubra akahesabu mara mbili. Kumi na nukta mbili.

Mzee Taiyeb aliinuka kwenye kiti, na magoti yake yale mabovu, akanishika bega mbele ya wapakiaji wote.

"Gervas, mwanangu, tumekukosea. Unisamehe."

Machozi yalinitoka. Jina la Mrija likafa siku hiyo, na kufuli la tenki likatolewa. Na mie nikarusha video ya pili: jamani, mafuta yana jina, msinunue ya bei poa.

Siku kumi na tisa baada ya Filomena kufukuzwa, tulikuwa na mzigo mkubwa wa kwenda Boko mpaka Bagamoyo. Mzee akasema leo anakwenda na mie, anataka kuwasalimia wateja wake wa zamani.

"Safari ndefu," Kubra akasema. "Jazeni full."

Tukajaza full, sheli kubwa ileile ya jina. Nyuma kuna ndoo za rangi na makopo kumi na mbili ya thina.

Kituo cha kwanza kilikuwa Manzese, kwa Augustine, fundi wa kuchomelea mageti. Karakana yake iko kwenye uchochoro ulioinama kuelekea mtaroni. Nikapaki pale, kichwa juu, matako ya gari chini. Mzee akabaki kiti cha mbele, mkanda umemkaa. Mie nikafungua mlango wa nyuma, nikaanza kushusha.

Harufu ilikuwepo. Lakini gari letu linanukaga thina tangu siku lilipoletwa. Pua zetu zilishakufa zamani.

Nikashusha ndoo ya kwanza. Ya pili.

Augustine yuko hatua kama sita, kavaa miwani myeusi, anachomelea. Cheche zinaruka, zinadunda chini, zinazima.

Ya tatu.

Nikasikia sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya mtaro:

"Zima hiyo weldingi! We Augustine! ZIMA!"

Augustine hasikii, mashine inanguruma.

"Nyie wa gari! Gari linamwaga petroli!"

Nikainama. Chini ya gari palikuwa pameloa. Mchirizi mwembamba umetoka kwenye tairi la nyuma, unateremka taratibu, unapita palepale miguuni kwa Augustine.

Nikainuka nimzuie Augustine.

Cheche moja ikadunda.

Moto wa petroli mchana hauonekani vizuri, mjue. Niliona hewa inacheza tu, kisha kitu cha bluu kinakimbia chinichini, kinapanda kuelekea gari. Kinarudi kule mafuta yalikotoka.

Watu wakatawanyika. Mie nikakimbilia mlango wa mbele.

"Mzee, shuka!"

"Mkanda, Gervas! Mkanda!"

Anabonyeza yeye, nabonyeza mie. Kitufe kinateleza. Nyuma nasikia *fuuu*, tairi limeshika. Makopo kumi na mbili ya thina yako juu ya tairi lile.

Mkanda ukaachia. Nikamtupa mzee mgongoni kama gunia, nikakimbia naye, fimbo ikabaki.

Nilipogeuka, nilimwona kijana mmoja anakuja mbio na ndoo ya maji. Na nikaona mwanamke anampiga kikumbo, ndoo inaruka mtaroni.

"Siyo maji! Maji yanaubeba moto! Mchanga! Leteni mchanga!"

Jirani palikuwa na lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Yule mwanamke akajaza beseni lake, beseni la kuuzia mihogo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye tairi. Akamwaga. Akarudi. Akamwaga. Augustine naye akashika koleo. Mie nikamweka mzee chini, nikachota kwa mikono.

Sijui ilichukua muda gani. Labda dakika tatu.

Kisha ukawa moshi tu, na harufu ya mpira ulioungua, na watu wote wanahema.

Yule mwanamke akakaa chini. Mkono wake wa kulia umeungua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Akajifuta jasho na kanga, akainua uso.

Filomena.

Tukatazamana. Alikuwa ameshanitambua tangu mwanzo, tangu napaki. Alijua kabisa gari ni la nani.

Augustine akamwita fundi magari wa karakana ya pili, Brightson. Tukasukuma gari mahali tambarare, Brightson akatoa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko kilichoko chini yake, penye pampu ya mafuta juu ya tenki. Akatia mkono, akatoka na pete ya mpira, nyeusi, imepasuka.

"Huyu hapa," akasema. "Huu mpira ndio unaziba juu ya tenki. Umekufa siku nyingi."

"Mbona wiki hizi gari lilikuwa zuri?" nikauliza. "Kilomita kumi kwa lita."

"Mlikuwa mnajaza full?"

"Hapana. Nusu."

"Basi ndiyo hivyo. Ukiweka nusu, mafuta hayaufikii mpira, hayavuji. Ukijaza full, kila kona, kila mlima, linamwaga barabarani. Unayapanda njiani kama mbegu."

Nikauchukua ule mpira mkononi mwake.

Manzese nilikuwa najaza full. Sheli ya jina nilikuwa naweka nusu. Sikuwa nimelinganisha petroli na petroli. Nililinganisha tenki lililojaa na tenki la nusu, halafu nikamchinja mtu.

Mzee Taiyeb alikuwa amekaa kwenye tofali, vumbi mpaka ndevuni. Akaniuliza polepole, "Gervas, huyu ndiye dada wa ile video?"

"Ndiye, mzee."

Hakuniongezea neno. Kwa mara ya pili mzee alininyamazia, na safari hii nilistahili.

Nikamfuata Filomena. Walikuwa wanammwagia maji mkononi.

"Dada, nisamehe."

"Samahani yako niiweke wapi, kaka Gervas?" akasema bila kupandisha sauti. "Mwanangu ameoneshwa ile video shuleni. Mama yangu Nachingwea ameoneshwa. Wewe walipokuita mwizi ulijisikiaje?"

Akageuza mkono, maji yakafika kiwikoni.

"Na ulipoona inauma," akaendelea, "ndiyo ukanipa mie nikubebee."

Tulimpeleka hospitali, mzee akakaa naye mpaka akafungwa bandeji. Kesho yake asubuhi mzee, Kubra, Brightson na mie tukaenda kwa mwenye sheli na ule mpira uliopasuka. Kubra akafungua daftari, akamwonyesha mistari yote. Alisema wazi, "Kosa la kwanza ni langu. Niliona namba nikadhani nimeona ukweli."

Mwenye sheli alikuwa mtu mwenye haya. Akapiga simu palepale, "Filomena, mkono ukipona tu, njoo uanze kazi."

Simu ilikuwa kwenye spika. Tukamsikia.

"Siji, bosi. Nilifukuzwa mbele ya watu. Mtanirudisha mbele ya watu."

Ikawa hivyo. Jumamosi, saa nne asubuhi, foleni ya magari na bodaboda mpaka barabarani, Filomena kasimama na mkono wake mweupe wa bandeji. Mwenye sheli akasema yake. Kisha nikasimama mie, pale pale niliposimama na simu siku ile, nikasema kwa sauti kuwa petroli ya hapa ilikuwa safi, pampu ilikuwa sawa, mwongo nilikuwa mie.

Alinipa mkono wa kushoto. "Yameisha," akasema. Utani wetu haukurudi. Sijauomba.

Sisemi petroli zote ni sawa. Mafuta machafu yapo, yanaua injini, ukiyakuta yaripoti kwa wanaohusika. Lakini kabla hujasema jina fulani linakunywa sana na jina fulani linafika mbali, pima kwa haki: tenki lilelile, njia ileile, mzigo uleule. Kagua upepo wa matairi, kagua filta, kagua mguu wako mwenyewe unavyokanyaga mafuta. Chungulia chini ya gari kabla hujachungulia mfuko wa mtu.

Siku ile ya Jumamosi nilirekodi video ya kumsafisha Filomena, nikairusha kundi lilelile. Walioitazama hawakufika arobaini. Ile ya uongo mpaka leo bado inazunguka. Juzi kuna mtu wa Tanga kanitumia.

Ndiyo maana nimekaa nikaandika. Kama ile ya kwanza ilikufikia ukaipeleka kwa mwenzio, basi na hii mpelekee huyohuyo.