Jina Moja Kwenye Fomu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, si meza. Mkurugenzi wetu wa kwanza, profesa mzee wa elimu ambaye hangeharakisha maneno hata nyumba ikiungua, alinitazama pale mlangoni na mkoba wangu wa ualimu wa sekondari, akaniambia, "Madam Nyambura, hapa hufundishi mtu. Hapa unaketi nyuma." Akanituma kwenye ukumbi wa mihadhara. Nikaketi safu ya mwisho, nikamsikiliza daktari mmoja akisoma madokezo yaliyokwisha kugeuka manjano. Nilitakiwa kuandika nilichokiona, kisha nimwendee mhadhiri huyo na kumwuliza kwa adabu kama angependa tuzungumze. Hakupenda. Alinijibu kwamba yeye ana shahada tatu na mimi nina daftari.

Wengi hawajui kuwa kazi hii ipo. Mtu akipata shahada ya uzamifu, watu huchukulia kwamba anajua kufundisha, kana kwamba kila mwenye sufuria ni mpishi. Sisi wa kitengo cha kuendeleza ufundishaji tulikuwa na vyumba viwili juu ya karakana, katika chuo kikuu ambacho sitakitaja, huku kwetu Eastlands, mashariki mwa jiji. Mwanzoni nilikuwa nikienda kwa miguu kutoka Makongeni, kwenye nyumba za reli nilikozaliwa, baadaye nikahamia Donholm. Nilikaa katika kitengo hicho miaka ishirini na miwili, na yule wa madokezo ya manjano alikuja kuwa rafiki yangu, ingawa madokezo hakuyatupa.

Mkurugenzi wa pili alikuwa mhandisi, mtu wa ripoti na majedwali. Wakati wake ulikuja waraka kutoka juu: kila kozi iguse uendelevu. Nilipoulizwa neno hilo lina maana gani, nilikuwa nikisema ni kula leo bila kula na sehemu ya watoto wetu. Waraka ulisema pia kwamba mabadiliko yaongozwe na wahadhiri wenyewe, wasiletewe kama dawa ya minyoo. Maneno mazuri. Nami nikafanya nini? Nikawatengenezea kielelezo, ukurasa mmoja wa kujazia, ili wasihangaike.

Fomu zilirudi haraka mno, nami nikafurahi kama mjinga. Mwalimu wa fonetiki alikuwa ameweka uhifadhi wa misitu katika wiki ya kumi na moja. Wa uhasibu aliweka misitu hiyohiyo, wiki hiyohiyo. Mmoja hakujisumbua hata kufuta maneno yangu: "andika jina la kozi yako hapa." Mkurugenzi aliandika ripoti kwamba chuo kizima kimebadilika. Nilikwenda kuketi nyuma madarasani kama nilivyofundishwa, na sikusikia lolote jipya. Tulikuwa tunatwanga maji kwenye kinu.

Basi nikaacha karatasi, nikatafuta mtu mmoja. Nilimpata Daktari Wafula, kijana wa kutoka Bungoma, mhadhiri wa kemia aliyekuwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alikuwa akifundisha kozi ya metali kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikuwa mpole, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kungoja jibu kwa kweli, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Nilimwuliza, "Daktari, kuna metali gani karibu na hapa?"

Alicheka. "Kariobangi, madam. Si kule wanayeyusha masufuria mchana kutwa?"

Tukaenda na darasa lake hadi kwenye banda la fundi mmoja aliyeitwa Kamau. Alikuwa akiyeyusha vyuma chakavu vya alumini na kumimina sufuria mpya. Wanafunzi walianza kupiga picha. Kamau akapangusa mikono, akamwuliza Wafula, "Mwalimu, hawa vijana wamekuja kutuangalia kama ndovu wa mbugani, ama kuna kazi?"

"Kuna kazi," Wafula akasema. "Tuambie ni nini kinakusumbua hapa."

Kamau hakusita. Uchafu unaoelea juu ya alumini ikiyeyuka walikuwa wakiukomba na kuumwaga kando ya mtaro. Mvua ikinyesha, mtaro unatoa harufu kali ya mkojo, watoto wa kwenye fleti za nyuma wanakohoa, na akina mama wanakuja kumtukana. "Na sijaweka mkojo," akasema. "Niambieni harufu inatoka wapi."

Wanafunzi walitafuta jibu wiki tatu. Walilipata katika maabara: uchafu ule ukikutana na maji unatoa amonia. Msichana mmoja wa darasa lile alirudi kumweleza Kamau kwa Sheng ya mtaani nusu na kemia nusu, naye Kamau akamsahihisha kuhusu moto wa tanuri, kwa sababu yeye ndiye aliyeujua. Wakaafikiana: uchafu uwekwe kwenye mapipa yenye vifuniko, ubaki mkavu, mpaka apatikane wa kuuchukua. Mabanda mengine matatu yakafuata. Nimeketi nyuma ya madarasa mengi maishani, lakini siku ile, nimesimama kando ya mtaro, nilijisikia nimefanya kazi ya maana.

Sasa nieleze kosa. Ili kupata nafasi ya kazi ya Kariobangi, Wafula aliacha sura nne za kozi ya zamani. Kubadilisha kozi namna hiyo kuna fomu yake, na fomu ina nafasi mbili za sahihi, ya mhadhiri na ya aliyemshauri. Katika kitengo chetu nafasi ya pili tulikuwa tunaiacha tupu. Hiyo ilikuwa sheria ya mkurugenzi: "Mwenye mabadiliko ni mwalimu. Tukitia sahihi, tutakuwa tumemnyang'anya." Kwenye warsha tulikuwa tukiiita heshima, na mimi mwenyewe niliihubiri.

Karatasi ya mtihani nayo ina safari yake. Huandikwa mwanzoni mwa muhula, ikapelekwa kwa mtahini wa nje, profesa wa chuo kingine anayeikagua, na ikishakubaliwa haiguswi. Ya Wafula ilikuwa imeshakwenda, na maswali yake yalitoka katika sura za zamani. Aliniuliza mara moja, tukitoka Kariobangi, "Madam, na mtihani?" Nikamwambia, "Usijali, nitazungumza na mkuu wa idara." Sikuzungumza naye. Sikuwa na sababu yoyote, nilisahau tu. Nilikuwa nimejaa sifa za mtaro.

Wanafunzi waliingia kwenye mtihani wakakuta maswali manne kati ya sita ni ya mambo ambayo hawakufundishwa. Wengi walishindwa, wakaandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa kitivo. Mkataba wa Wafula ulikuwa unaisha mwezi uleule. Mkuu wa idara, ambaye tangu mwanzo aliiona kazi ya Kariobangi kuwa matembezi, alisema mtu huyu ameiacha silabasi bila idhini na asiongezwe mkataba. Bodi ya kitivo ikapangiwa Jumatatu. Fomu ilikuwa mezani kwao, na jina lilikuwa moja.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Alifunga mlango taratibu. "Madam, kitengo hakikuitwa kwenye bodi hiyo. Asiyeitwa haitiki."

"Lakini ni mimi niliyemshauri Wafula, bwana mkurugenzi."

"Kumshauri si kumwamuru. Na ukumbuke, wiki ijayo una usaili wa unaibu mkurugenzi. Usijiharibie."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikasirika. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeungoja unaibu huo miaka tisa, na nilikuwa nimepewa sababu ya kunyamaza inayofanana na utii. Ijumaa nilipanga makabati.

Jumamosi mchana Wafula alibisha hodi kwangu Donholm. Alikuja na mkewe, Nasimiyu, na mtoto wao wa miezi saba. Nikachemsha chai. Alikuwa ameleta vitabu vyangu viwili, akaviweka kwenye meza na kusema anarudisha kabla ya kufunga mizigo, kwa maana huenda wakarudi Bungoma akatafute kazi katika shule ya sekondari. Hakutaja bodi. Mkewe aliniuliza nimeishi mtaa ule muda gani. Mtoto alinishika kidole, akalala. Mwishowe nikasema, "Daktari, ule mtihani..." Naye akasema, "Madam, mimi sikulaumu." Wakanywa chai yao, wakaaga. Nilibaki na vile vikombe, roho ikinisuta.

Jumatatu nilikwenda kwenye bodi. Mkuu wa kitivo, mama mkali lakini mwenye haki, alinitazama juu ya miwani. "Bi. Nyambura, wewe si mjumbe hapa."

"Najua, Profesa. Naomba dakika tano." Nikawaambia yote. Kwamba nilimwongoza, kwamba aliniuliza kuhusu mtihani, kwamba nilimwahidi nikasahau. Nikasema kama kuna aliyeacha kazi yake bila kuifanya, si yeye. Mkuu wa idara akauliza mbona jina langu halimo kwenye fomu. Nikajibu, "Kwa sababu ndivyo tulivyojizoesha, ili jambo likiharibika tuwe hatumo." Nikaomba kalamu, nikatia sahihi pale pale, ingawa haikuwa na maana yoyote ya kisheria tena.

Mtihani ulifutwa, ukatungwa mwingine wenye maswali ya yale waliyoyasoma, na moja lilihusu mtaro wa Kamau. Wafula aliongezwa mwaka. Mwaka uliofuata akaajiriwa moja kwa moja, na leo yeye ndiye mkuu wa idara ileile. Mimi nilipewa barua ya onyo. Unaibu alipewa mwingine, kijana mzuri, na nilistaafu mwaka juzi nikiwa katika cheo kilekile. Kwa hilo sina kinyongo, au ninacho kidogo tu, siku za baridi.

Vijana mnaoingia kazi hii huniuliza siri ya kuwasaidia wahadhiri waongoze mabadiliko. Siri hakuna. Fuata karatasi ya mtihani kabla hujaenda popote. Tafuta tatizo la mtu halisi, aliye karibu. Na usimsukume mtu mbele huku wewe umebaki mahali pasipofikiwa na mawe. Watu wa mikataba ndio wanaokubali kujaribu mapya, na ndio wasio na pa kuangukia.

Lakini kuna jambo ambalo sikulisema. Kwenye sherehe ya kuniaga, Wafula alisimama mbele ya watu wote akasema, "Madam alikuja kwenye bodi bila kuitwa na mtu." Wakanipigia makofi. Nikainama nikashukuru, na nikala keki. Ukweli ni kwamba kama asingekuja nyumbani Jumamosi ile na mkewe na yule mtoto, Jumatatu ningekuwa ofisini kwangu, mlango nimeurudisha, ninapanga makabati. Mficha uchi hazai. Wiki iliyopita nikampigia simu, nikamweleza hivyohivyo, mtu mzima mimi.

Akasema, bila ubaya wowote, "Nilijua, madam. Ndiyo maana tulikuja."