Tonge la Kwanza la Min Awuor

Nilipokuwa mtoto kisiwani Rusinga, chakula kilikuwa kitu cha kufichwa. Hatukuwa wachoyo, tulimwogopa Min Awuor. Mama Awuor huyu, jirani yetu, alisemekana kuwa na sihoho, yaani jicho ambalo likitua juu ya chakula chako, tumbo linakukata mpaka uwaite wazee wote wa ukoo kwa majina. Hakuna aliyesema ni mtu mbaya. Alizaliwa nalo tu, kama mwingine anavyozaliwa na kigugumizi.

"Ukimwona anakuja, funika," Dani, nyanya yangu mzaa baba, aliniambia tangu sijaota meno ya ukubwani.

Siku moja sikufunika. Nilikuwa nakula njugu njiani, Min Awuor akapita, akanisalimu vizuri tu, na jioni nikawa nagaagaa sakafuni nikilia. Dani alitikisa kichwa kama mtu aliyesema na hakusikizwa. Leo nakumbuka kwamba mchana ule nilikuwa nimebugia pia mapera mabichi ya kutosha kumlaza punda, lakini mapera hayakushtakiwa na mtu.

Shida ni kwamba mimi na Awuor, binti yake, tulikuwa chanda na pete. Tulikuwa darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na wiki ile ya mwisho wa muhula shule yetu haikutulia hata kidogo. Asubuhi tulifanya mtihani, mchana tukasahau tuliyoandika. Wavulana walipaka chokaa mawe ya njia ya kuingilia. Sisi wasichana tulibeba kinyesi cha ng'ombe na maji ya ziwa, tukasiriba sakafu za madarasa mpaka viganja vikageuka kijani. Kwaya ilirudia wimbo mmoja hadi nikauimba usingizini. Yote hayo yalikuwa ya Ijumaa, siku ya wazazi, ambapo wasichana wa darasa la saba wangewapikia wageni kama somo la sayansi kimu, kisha waliofanya vizuri waitwe mbele kupokea zawadi, kila mmoja na mzazi wake kando.

Awuor ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani.

"Mama yako atakuja?" nilimuuliza tukisiriba.

"Aje watu wakose kula?" alijibu bila kuinua kichwa. "Na Madam amesema lazima mzazi asimame na wewe huko mbele. Sasa mimi nitasimama na nani?"

Baba yake alikuwa marehemu. Nilimpenda Awuor, lakini pia niliiogopea sufuria yangu, maana Madam, mwalimu wetu, angetoa maksi za upishi ule.

Ijumaa tulipika wali na mchuzi wa mbuta, samaki wa ziwani. Tulipomaliza kuwapakulia wageni, nikamwona. Nje ya ua wa minyaa alisimama Min Awuor, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe, ametugeuzia mgongo. Alikuwa akiangalia barabara tupu na kuisikiliza sherehe.

Habari ikapita benchi kwa benchi. Akina mama wakafunika sahani kwa leso, na mmoja akasukuma yake chini ya kiti. Hakuna aliyekula. Awuor aliona yote. Machozi yalimlenga, upawa mkononi, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Nilimkimbilia Dani, aliyekuwa ameketi kati ya wageni. "Dani, Min Awuor yuko nje."

Nilitarajia aniambie nifunike sufuria. Dani hakujua Kiswahili. Maneno yake nayageuza kutoka Dholuo, na utamu wake mwingine unapotea njiani.

"Amepewa nini?" akauliza.

"Hajapewa kitu."

"Mtu amesimama pale, hajaonja, halafu mnataka matumbo yetu yapone? Kwani nyinyi mnasoma nini hapa?"

Kumbe sheria ya sihoho ilikuwa na nusu ya pili ambayo sikuwahi kuambiwa: mwenye jicho akila kwanza, jicho hutulia, na chakula kinakuwa salama kwa wote. Nadhani wakubwa waliijua. Ila kufunika ni rahisi kuliko kukaribisha.

Dani alichukua sahani yake ambayo hajaigusa, akashika fimbo yake, akaenda polepole hadi kwenye ua.

"Min Awuor, hatuwezi kula mpaka wewe ule. Geuka."

Hakugeuka. "Mama, kuna watoto hapo."

"Najua. Na wana njaa. Geuka, mwanangu."

Akageuka. Awuor alikuja mbio na birika la maji, akamnawisha mama yake. Min Awuor akafinya tonge dogo, akala. Dani alimkodolea macho mpaka akameza, kisha akatugeukia na kuinua fimbo juu. "Haya, kuleni!"

Leso zikafunuliwa, watu wakacheka kicheko cha aibu, na sahani ya chini ya kiti ikarudi juu. Dani alimkalisha Min Awuor ubavuni mwake, naye Awuor akala mbele yao. Jina la Awuor lilipoitwa, mama na binti walikwenda mbele pamoja, wakapewa beseni la plastiki, naye Min Awuor akalitia kichwani na kupiga vigelegele vilivyotutoa machozi.

Jioni tulisugua sufuria ufukweni. Nilidhani Awuor atazungumzia zawadi.

"Umeona?" aliniambia. "Mama alikuwa ananiangalia nikikula."

"Si kila mtu ameona?"

"Hajawai. Hata nyumbani. Akishanipea chakula, anaangalia ukuta mpaka nimalize."

Hakuna aliyeumwa na tumbo siku ile. Mpaka anazikwa, Dani alisema ni kwa sababu ya lile tonge la kwanza, nami sikubishana naye. Sijui kama jicho lile lilikuwapo. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mama aliyeliamini kuliko sisi sote, akautazama ukuta miaka yote ile ili mwanawe ashibe salama. Sasa nina watoto wangu. Nikishawapakulia, vyombo vinaweza kungoja. Nakaa mbele yao, nawaangalia wakila.