RAM yangu ilipita test zote, kisha ikaimeza sauti ya baba

Wakuu, salamu zenu nyote humu ndani.

Nina jambo limenikaa rohoni na nitalieleza lilivyo, bila kutia chumvi. Kama umepandisha speed ya RAM kwenye desktop yako na umelala usingizi mzuri, soma mpaka mwisho.

Mimi naishi Junda, Kisauni. Kazi yangu ni kurekodi na kuedit: harusi, kwaya za kanisani, matangazo ya maduka. Chumba changu cha kazi ni kidogo, na joto lake watu wa Pwani mnalijua.

Mashine ilikuwa inajikokota kwenye video kubwa, nikaamua kuoverclock RAM, yaani kuikimbiza kumbukumbu ya mashine kupita speed ya kiwandani. Nikaingia BIOS, kule kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, nikapandisha MHz, nikaongeza voltage kidogo, nikabana timings. Watu wa gaming mnaijua raha yake. Ukishaonja huachi.

Na sikufanya ovyo ovyo. Niliiacha kwenye test kutwa nzima. Kesi ya mashine nimeifungua ubavu, dirisha wazi, pangaboi linavuma juu yake. Error sifuri. Nikajipongeza kwa soda baridi.

Sasa njoo kwa baba.

Mzee wangu alikuja na mama kutoka Kaloleni kwa matibabu. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari akamweleza wazi: operesheni itamwokoa, lakini kisanduku cha sauti kitatolewa. Hatazungumza tena kwa sauti ile tuliyoizoea.

Mimi nilitoka nje nikalia. Baba hakulia. Aliniambia nimrekodi kabla hajaenda wodini, ili wajukuu wake wawe na sauti yake. Alitaka kutaja majina ya wazee wetu, mipaka ya shamba, habari ya siku niliyozaliwa, na kumbariki kila mjukuu kwa jina lake.

Tukakaa chumbani watatu: yeye, mama na mimi.

Baba hapendi pangaboi. Anasema upepo wake unamwingia kifuani, na wazee wetu wengi ndivyo walivyo. Nikalizima. Dirisha nikalifunga kwa sababu jirani ni fundi wa mageti na grinder yake haikomi. Kesi nayo nilikuwa nimeshairudishia ubavu wake, nadhifu kabisa.

Alizungumza asubuhi nzima, akipumzika na kunywa uji. Alipomaliza alisinzia pale pale kitini, nikaona nisimsumbue kwa upepo. Chumba kikiwa tanuri, nikazipakia rekodi zote kwenye zip moja, faili moja lililobanwa. Nakala nikaiweka kwenye disk ya external, nyingine mtandaoni. Disk ilikuwa imejaa na nina harusi ya kurekodi, kwa hiyo nikafuta zile original. Nakala mbili, mtu atake nini tena?

Operesheni ilifaulu, Mungu ashukuriwe. Baba akarudi, anapumulia tundu la shingoni, kitambaa kimefunika. Siku moja baada ya ibada familia ikajaa sebuleni. Baba mwenyewe akaniashiria niweke rekodi.

Nikafungua zip, mashine ikaniambia data ya ndani imeharibika. CRC error.

Nikafungua ile ya mtandaoni. CRC error ile ile, kwa sababu ilikuwa nakala ya kitu kilichooza tangu mwanzo.

Wakuu, nikailazimisha ifunguke hivyo hivyo. Kilichotoka ni baba akikohoa, na mimi nikimwomba asogelee maiki. Basi. Majuto ni mjukuu, na wajukuu wenyewe walikuwa wamekaa mkekani wananitazama.

Nikarudia test. Safari hii kesi imefungwa, dirisha limefungwa, pangaboi limezimwa. Haikuchukua muda, skrini ikajaa error nyekundu.

Nilishika kichwa. RAM ilikuwa nzima kwenye upepo tu! Joto likipanda inaharibu data inayopita ndani yake kimya kimya, mashine haizimi wala hailalamiki.

Nilimwendea baba kumwambia ukweli nikashindwa kumaliza. Akachukua simu yake, akaandika taratibu, akanionyesha: "Mama yako alikuwepo. Muulize."

Mama akajifunga leso vizuri, akaanza. Akataja wazee mmoja mmoja, akaja kwenye mipaka ya shamba, akabariki kila mjukuu bila kumruka hata mmoja. Baba anaitikia kwa kichwa. Mahali mama alipochomeka kwamba mimi nilikuwa mtoto mkaidi, baba akagonga meza.

"Haya, hilo ni langu," mama akasema. "Lakini ni kweli."

Tukacheka. Baba naye alicheka, mabega yakimtikisika, bila sauti yoyote. Nilikuwa namrekodi mama, na RAM nimeirudisha speed yake ya kiwandani.

Nililojifunza: pima mashine katika hali utakayoifanyia kazi, si katika hali inayoipendeza. Pia usifute original kabla hujaifungua nakala na kuisikiliza. Na kwa kitu kisichorudiwa, achana na overclock kabisa.

Nipigeni mawe mkitaka, nimekaa hapa. Ila kama kuna mjuzi aliyewahi kuokoa zip ya namna hii, hata robo yake, aniambie alifanyaje. Faili lile sijalifuta.

Maneno ya baba ninayo yote. Ninachotafuta ni sauti yake pale aliponiita kwa jina langu.